Ingia Msituni Kabla Hujawasha Laptopu

Juzi nilipata ujumbe wa ndugu mmoja wa Bungoma. Yuko mwaka wa kwanza wa uzamili, anataka kuiga kwa kompyuta jinsi msitu unavyorudisha mwanga wa jua angani, na swali lake ni moja: "Dada, nitumie programu gani?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika haya yote, kwa sababu swali hilohilo lilinipotezea mwaka mzima.

Ninyi mnaonisoma najua mnataka nilichokitaka mimi: picha ya setilaiti ikwambie, bila wewe kugusa mti, msitu una majani kiasi gani. Na jambo lenyewe linawezekana. Jani bichi hula karibu mwanga wote mwekundu. Mwanga wa infraredi, ule tusiouona kwa macho, hulirudisha karibu nusu, na sehemu kubwa ya uliobaki hupenya. Ukitaka kuona hilo leo usiku, chukua rimoti ya TV, bandika jani la mpera mbele ya kile kitaa chake, bonyeza, kisha tazama kwa kamera ya mbele ya simu. Kwenye simu nyingi utaona mwanga wa zambarau ukijitokeza upande wa pili wa jani. Nilifanya hivyo jikoni kwa mama, Kakamega, na ndiyo siku niliyoipenda kazi hii.

Nilianza na PROSAIL, kama wengi. Ni modeli mbili, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwanga, zilizounganishwa: PROSPECT ya mwaka 1990 huhesabu jani moja, na SAIL ya mwaka 1984 huhesabu majani yote kwa pamoja. Unaipa klorofili, maji, mwinamo wa majani, pembe ya jua na rangi ya udongo, nayo inakuchorea mstari wa uakisi, yaani kila rangi ya mwanga inarudishwa kiasi gani. Mimi niliigeuza hesabu kinyumenyume. Nilichukua vipimo vya setilaiti ya Sentinel-2, pikseli (vile vijiraba vya picha) za mita 10, nikaitaka kompyuta initafutie majani. Miezi ya kupambana na mawingu siisimulii. Mwishowe mstari wangu na wa setilaiti ukalaliana hata usijue upi ni upi. Nililia kwa furaha.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja hakuuliza lolote kuhusu mstari ule. Aliuliza kompyuta imepata majani kiasi gani. Nikajibu 2.3, yaani mita za mraba 2.3 za majani juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Akavua miwani. "Wewe umewahi kuingia msitu wa Kakamega?" Nimezaliwa kilomita chache kutoka msitu ule, nimeokota kuni pembeni yake, na bado nilikosa jibu, maana kwa kazi ile sikuwa nimeingia hata siku moja. Walinirudisha. Msimamizi wangu, aliyekuwa amepitisha kila sura, akasema mbele ya watu kwamba alinionya. Hakunionya. Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Kosa lilikuwa hili. SAIL huyachukulia majani kama ukungu: vipande vidogo vilivyotawanyika sawasawa. Shamba la ngano kule Njoro linaweza kuvumilia dhana hiyo. Msitu una vichwa vya miti, mapengo na vivuli. Setilaiti hupita asubuhi, jua halijafika utosini, na kila mti mrefu unamtupia jirani yake giza. Pikseli moja inachanganya majani yanayong'aa na giza hilo. Modeli isiyojua vivuli ikiona infraredi imepungua, inaamua kwamba majani ni machache. Tena majani mengi yaliyosimama wima yanaweza kutoa mstari uleule wa majani machache yaliyolala, kwa hiyo mistari kulaliana si ushahidi. Na udongo? Niliacha ule wa mfano uliokuja na programu, mkavu unaong'aa.

Nikaenda msituni, upande wa Buyangu, na mzee mmoja anayeongoza wageni. Tulipima kwa tepu upana wa vichwa vya miti na umbali kati ya shina na shina. Chini hapakuwa na udongo mkavu popote. Palikuwa na majani yaliyooza, meusi, yenye unyevu. Niliketi chini ya mti wa mutere kuandika. Doa la jua kubwa kama sahani likaingia kwenye daftari upande wa kushoto, likatokea kulia kabla sijamaliza vipimo vya mti mmoja. Mzee akanitazama, akasema, "Binti yangu, hapa jua huja kwa zamu." Mwaka mzima nilikuwa nimeuambia msitu huu kwamba jua linafika kila mahali kwa usawa.

Niliporudi Kisumu niliijenga Kakamega yangu upya kwa DART, modeli inayosimamisha miti yenye umbo na kufuatilia mwanga ndani yake. Laptopu ilikesha siku nyingi, stima ikipotea naanza tena. Majani yakapita 5, na picha nilizopiga nikielekeza lenzi pana juu zikakubaliana nayo. Wiki iliyopita nimepita. Mtahini yuleyule ndiye aliyenipa mkono wa kwanza, na mama amepiga simu kwa ukoo mzima.

Kwa hiyo nawasihi, wenzangu, tuache kuabudu mstari mzuri. Pimeni. Hata kama msimamizi amekubali, pimeni. Hata kama nauli ni ya kukopa, nendeni mkapime, kwa sababu msitu ndio unaosomwa na sisi ni wasomaji tu. Anayeogopa tope aache kuandika habari za miti.

Nawe ndugu wa Bungoma, PROSAIL ni ya bure na nyepesi, anza nayo ujifunze kila kigezo kinasogeza nini. Lakini Mlima Elgon unauona kutoka kwenu. Panda na tepu na daftari, pima miti 30: urefu, upana wa kichwa, umbali hadi jirani yake, na upige picha ya ardhi iliyo chini yake. Ukishuka niandikie tena, nikutumie faili zangu za miti ya Kakamega uzilinganishe na zako.