Msiwasomee Risala

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa mapishi katika shule ya sekondari iliyoanza mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, mwaka 2024. Klabu ya Rotary ya mji wetu, chama cha watu wa kazi na biashara wanaojitolea kusaidia jamii, imeomba kuja kufanyia shuleni mkutano wao wa chakula cha mchana, watu 35. Mkuu wa shule anataka tukodi mpishi wa mjini, anasema watoto watatuaibisha. Mimi ameniagiza niandike risala ya kuomba vyerehani na majiko ya gesi. Zimebaki wiki mbili. Nifanyeje?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Chakula cha mpishi wa mjini wanakila kila wiki huko huko mjini. Wakija shule ya amali wakala mkono wake tena, safari yao ilikuwa ya nini?

Mimi niliwahi kuaibika mbele ya wageni wa namna hiyo, na chakula hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa risala. Tuliandika kurasa nne, na tulipofika "tunakabiliwa na changamoto zifuatazo" pilau lilikuwa mezani, limefunikwa, linapoa. Changamoto ya saba ilipoanza kusomwa watu walishaangalia saa. Mkutano wao huwa wa saa moja hivi: rais wa klabu anagonga kengele, wanakula, wanapeana matangazo, wanatozana faini za utani, mgeni anazungumza dakika 20, kengele tena, kila mtu kazini kwake. Sisi tuliambulia makofi.

Klabu ya kwanza ilianzia Chicago mwaka 1905. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walikutana, na baadaye wakawa wanapokezana ofisi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jina Rotary limetokana na mzunguko huo. Kwa hiyo usidhani wanawapa upendeleo kuja kwenu. Kuzunguka ndiyo asili yao. Tena ni watu wa kazi mbalimbali. Humo utamkuta mwenye gereji, mwenye hoteli, daktari wa meno, mhasibu. Cherehani mtapata siku yoyote mfadhili akijisikia. Nafasi ya mtoto wa kidato cha tatu kushinda likizo kwenye jiko la hoteli haiuzwi dukani, na mwenye kuitoa atakuwa amekaa hapo anakula kachumbari yenu.

Ndiyo maana nakuomba, meza kuu isiwepo. Najua tunavyoipenda, na vitambaa vyake na maua ya plastiki. Panga meza za watu saba saba, kila meza wanafunzi wawili wasiohudumu, wale na kuzungumza na wageni. Zile dakika 20 mpe mwanafunzi mmoja, si mwalimu. Kama mna fani ya uchomeleaji, aje na kitu alichokiunga mwenyewe aeleze alipokosea.

Sasa jikoni. Watu 35 pamoja na hao wanafunzi, pika kilo 7 za mchele. Mpigie katibu wa klabu mapema umuulize wangapi hawali nyama. Kwenye klabu nyingi wapo Wahindi wasioigusa, na Wajaini (wafuasi wa dini ya Kijaini ya huko India) wengine hata kitunguu hawali. Maharage ya nazi yapikwe sufuria yake na upawa wake, usichovye wa nyama. Nyama inunuliwe kwa mchinjaji Mwislamu, wote wale bila kuulizana. Mumalize kupakua kabla kengele haijagongwa.

Halafu watozeni. Kwa kawaida wanachama hulipia chakula chao, basi watoto wapige hesabu ya sahani moja, mkaa na sabuni ya vyombo ikiwemo, waandike ankara safi. Hilo ni somo kuliko pilau lenyewe.

Mkuu akisisitiza mpishi wa kukodi avishwe sare ya shule (nimeyaona hayo kwa macho yangu), mweleze kwamba Rotary wana maswali manne ya kupima neno na tendo, yaliyotungwa mwaka 1932 na mfanyabiashara Herbert Taylor. La kwanza linauliza: je, ni kweli?

Alhamisi ya wiki hii fanyeni jaribio, wapikieni walimu wote. Mkuu akae meza ya nne na wanafunzi wake wawili, na sahani yake ailipie.