Anti, biashara inaenda ila sina raha

SWALI: Anti shikamoo. Mi nina miaka 34, naishi Mbagala, nina duka la vifaa vya simu Kariakoo, mke na watoto wawili, na biashara inaenda sio mbaya. Ila raha sina kabisa. Nikinunua kitu nafurahi wiki moja basi, tivii inchi 55 saa hizi hata siioni kama ipo, halafu nikifungua status huyu kajenga yule kavuta gari, usingizi unakata. Nataka niuze duka nirudi kwetu Korogwe nilime mahindi niishi maisha simpo, mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Duka usiuze kwanza. Ukienda Korogwe na kichwa hicho hicho na simu hiyo hiyo utakuwa unaangalia status za watu ukiwa katikati ya mahindi.

Hilo la tivii haliko kwako tu. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani Philip Brickman na wenzake wawili walihoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kule Illinois, wakawalinganisha na watu wa kawaida, wakakuta hawana furaha kuwazidi, na kilichonigusa zaidi mimi ni kwamba vitu vidogo vya kila siku, kupiga stori na rafiki, kupata kifungua kinywa, viliwapa raha ndogo kuliko wenzao. Sasa nikuulize, leo asubuhi ulikunywa chai na nini? Kama mpaka ufikirie, basi tuanzie hapo hapo.

Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki ya watu wenye maumivu sugu na stresi huko Massachusetts mwaka 1979, na zoezi lake moja maarufu ni kula zabibu kavu moja tu, unaiangalia, unainusa, unaitafuna taratibu mpaka iishe. Wewe zabibu ya nini, kunywa chai ya mkeo, simu ikiwa chumbani kwenye chaji, usikie iliki na umsikilize mtoto anachokusimulia. Siku za mwanzo utaboreka sana, vumilia tu. Na wale ambao status zao zinakukata usingizi wanyamazishe, hawataambiwa.

Kuridhika watu wanadhani ni kipaji, mi naamini unajifunza. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyonayo, na Mtume Muhammad katika hadithi anasema utajiri sio wingi wa mali, ni utajiri wa nafsi.

Jipe miezi mitatu. Korogwe ikiendelea kukuita nenda wiki mbili wakati wa palizi, ushike jembe kweli sio kupiga picha, na mkeo mwende wote, maana naona hapa umeniuliza mimi kuhusu kuuza duka lakini yeye umemwambia tu.