Maswali ya Wasomaji: "On va se marier" ni lini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, na Kifaransa nilikisoma kwa mwaka mmoja, jioni baada ya kazi. Tulifundishwa kwamba Kifaransa kina nyakati mbili zijazo: ule wa karibu, unaoundwa kwa kitenzi "aller" (kwenda), ambao ni wa jambo la leo au kesho, na ule wa kawaida, ambao ni wa jambo la mbali. Juzi nilikuwa na wageni wawili kutoka Ufaransa, wachumba, wakaniambia "On va se marier l'année prochaine", yaani watafunga ndoa mwakani. Jioni, tulipokuwa tukiagana, yule binti akasema "Je vous enverrai les photos ce soir", kwamba atanitumia picha usiku uleule. Ndoa ya mwakani imepewa wakati wa karibu, na picha za usiku huohuo zimepewa wakati wa mbali. Je, walikosea, au sisi ndio tuliofundishwa vibaya? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Wageni wako hawakukosea hata kidogo, na ninakushukuru kwa kuyashika maneno yao kama yalivyotamkwa, kwa sababu mfano huo mmoja unafundisha zaidi ya kurasa nyingi za kanuni. Kinachowapotosha wanafunzi ni jina lenyewe. Wafaransa huuita wakati huu "futur proche", na kwa kuwa "proche" maana yake ni "karibu", tunadhani ukaribu huo hupimwa kwa saa na kalenda. Haupimwi hivyo. Msemaji hutumia "aller" pale anapoliona jambo lijalo kuwa mizizi yake imeshaota katika hali ya sasa, yaani uamuzi umekwishafanyika, au dalili zinaonekana kwa macho. Wachumba wale wamekwisha kuamua, na kwao ndoa imeshaanza safari yake hata kama siku yenyewe ni mwakani. Picha ni jambo lingine. Binti alikuwa anakupa ahadi, na ahadi ni mojawapo ya mahali ambapo wakati ujao wa kawaida, "j'enverrai", hukaa kwa raha, hata kama itatimizwa baada ya saa mbili.

Sisi waswahili tunalo jambo linaloweza kutusaidia sana hapa, nami nasikitika kwamba halitajwi madarasani mara nyingi inavyostahili. Ukitazama mawingu meusi juu ya Mlima Meru, husemi tu "mvua itanyesha"; unasema "mvua inataka kunyesha". Basi ambalo injini yake inanguruma na utingo ameshaning'inia mlangoni "linataka kuondoka". Mvua haina matakwa na basi halina hamu, lakini kitenzi "taka" kimeacha maana yake ya asili na kuwa chombo cha kuonyesha jambo lililo ukingoni mwa kutokea. Hivyo ndivyo "aller" ilivyofanya katika Kifaransa: "Il va pleuvoir", "Le bus va partir". Wataalamu wa isimu wanaeleza kwamba hata kiambishi chetu "-ta-" kilitokana na "taka" hiyohiyo, na alama yake bado inaonekana tunaposema "nitakapofika" au "atakayekuja". Kifaransa nacho kilipita njia ya namna hiyo zamani, kwa kuwa "chanterai" ilizaliwa kutokana na Kilatini cha watu wa kawaida kilichounganisha kitenzi cha kuimba na kitenzi cha kuwa na kitu.

Shida yetu ni kwamba "-ta-" ya leo hubeba kila kitu. Mama anayemwona mtoto akiegemea ukingo wa ngazi humwambia "Angalia, utaanguka!", na mtabiri wa hali ya hewa naye husema "mvua itanyesha". Mfaransa huyatenganisha mawili haya. Kwa mtoto atasema "Attention, tu vas tomber!", kwa sababu hatari iko mbele ya macho yake, ilhali "tu tomberas" ingesikika kama utabiri wa mtu anayetazama kwa mbali. Vilevile "elle va avoir un enfant" humfanya msikilizaji aelewe kwamba mama huyo ni mjamzito tayari, lakini "elle aura des enfants" ni kubashiri tu kwamba siku moja atapata watoto.

Kwa kazi yako, ningependa uzitofautishe vizuri kauli mbili zinazofanana. Mgeni akikuuliza kama mtamwona chui, nawe ukajibu "On verra", umesema "Tutaona", pamoja na ule mashaka uliomo katika neno hilo la Kiswahili. Ukisema "On va voir un léopard", umemfanya aamini kwamba chui amekwisha kuonekana mahali fulani na gari linaelekea huko. Kwa hiyo maneno hayo ya pili yahifadhi kwa wakati ambao dereva mwenzako amekupa habari za hakika.

Jambo la mwisho kwako: baada ya "quand" yenye maana ya "-takapo-", Kifaransa sanifu hutaka wakati ujao wa kawaida, kama katika "Quand nous arriverons au camp, vous pourrez vous reposer". Usiweke "aller" katika kishazi hicho cha "quand".

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko kidato cha tatu. Katika jaribio la Kifaransa nimekatiwa alama kwa sentensi tatu: "Je vais ne manger pas", "Je le vais acheter", na "Vous allez mangez". Naelewa kwamba ni makosa, lakini sielewi kwa nini. (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na umbo lenyewe, kwa kuwa makosa yako yote matatu yanatoka hapo. Unachukua kitenzi "aller" katika wakati uliopo, nacho ndicho kinachobadilika kufuata nafsi: "je vais", "tu vas", "il", "elle" au "on va", "nous allons", "vous allez", "ils" au "elles vont". Baada yake unaweka kitenzi kikuu kama kilivyo kwenye kamusi, ambacho kwetu kingeanza na "ku-", na hicho hakiguswi tena.

Sasa chukua sentensi ya Kiswahili "Sitaki kuinunua" na uitazame kwa makini. Ukanushi umekaa wapi? Umekaa kwenye kitenzi cha kwanza, kile kinachobeba nafsi. Na "-i-" inayosimama badala ya baiskeli au shati imekaa wapi? Imekaa ndani ya kitenzi cha pili, "ku-i-nunua". Kifaransa hufanya vivyo hivyo: "Je ne vais pas l'acheter". Vipande viwili vya kukanusha, "ne" na "pas", vinakizunguka "vais", na kiwakilishi kinatangulia "acheter". Ukiishika sentensi hiyo moja kichwani, makosa mawili ya kwanza hayatakurudia, na hutahitaji kukariri kanuni mbili tofauti. Nikwambie pia kwamba "je le vais acheter" haikuwa kosa siku zote. Waandishi wa Ufaransa wa karne ya 17 waliiandika hivyo kama jambo la kawaida. Mtihani wako, hata hivyo, ni wa Kifaransa cha leo.

Njia hiyohiyo inafaa kwa vitenzi vya kujitendea. "Nataka kujificha" inakuongoza kwenye "Je vais me cacher", kiwakilishi kikiwa tena kabla ya kitenzi cha pili. Hapa lakini uwe mwangalifu, kwa sababu "-ji-" yetu haibadiliki kwa mtu yeyote, ilhali Kifaransa kinadai "tu vas te cacher", "elle va se cacher", "nous allons nous cacher". Wanafunzi wengi huandika "nous allons se cacher", na wasahihishaji hawaliachi likapita.

Kosa lako la tatu ni la sikio. "Manger" na "mangez" hutamkwa sawasawa, kwa hiyo mkono huandika kile ambacho "vous" imeuzoesha. Dawa yake ni kubadilisha kitenzi kwa muda kichwani na kuweka kile ambacho maumbo yake hayafanani kwa sauti, mfano "vendre". Hakuna anayeweza kusema "vous allez vendez" bila kusikia kwamba limeharibika; atasema "vous allez vendre". Basi na hapa ni "vous allez manger", kwa "-er".

SWALI: Mwalimu, nafanya biashara ya dagaa Kigoma, na baadhi ya wateja wangu wako Bujumbura. Mmoja wao nilipompigia simu alisema "J'allais vous appeler". Mimi nilielewa kwamba alikuwa anakwenda mahali. Na je, "je vais" ikifuatwa na kitenzi, nitajuaje kama mtu anatembea au anazungumzia baadaye? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu yangu, mteja wako alikuwa anakwambia "Nilikuwa nataka kukupigia", maneno ambayo wewe mwenyewe huyasema simu inapokuwahi. Wakati huu wa "aller" hurudi nyuma kwa umbo moja tu, "j'allais, il allait, nous allions", kwa jambo lililokuwa karibu kutendeka. Angesema "Je suis allé acheter du sucre", hapo kweli miguu yake ilitembea hadi dukani.

Kuhusu swali la pili, mara nyingine maana zote mbili zimo, na "je vais chercher l'argent" inaweza kumaanisha kwamba anakwenda kuzichukua fedha sasa hivi. Lakini sikiliza "Je vais rester ici", yaani "nitabaki hapa". Ingekuwa "vais" ni kutembea, sentensi hiyo isingekuwa na maana. Kwa sababu hiyohiyo si kosa kusema "Je vais aller à Kigoma": "vais" ya kwanza inaonyesha wakati, na "aller" ya pili ndiyo safari yenyewe. Na mteja wako akimalizia mazungumzo kwa "Bon, je vais y aller", jua kwamba anakuaga, nawe unaweza kumjibu "Au revoir" na kukata simu.