Kabla Hujaiamini Namba Moja, Uliza Wamehesabu Nini

Nimewasaidia wasanii chipukizi kuachia nyimbo kwa miaka kadhaa, na kosa linaloniuma mpaka leo lilihusu siku tu. Tuliachia wimbo Jumatano. Mashabiki walikuwa wameusubiri, wakaununua na kuusikiliza usiku kucha na Alhamisi nzima. Ijumaa chati, yaani orodha ya nyimbo zinazoongoza, ikafungua wiki mpya ya hesabu. Nguvu yetu ikakatika vipande viwili, na hakuna wiki iliyotutosha. Msanii wangu alikaa na simu mkononi, anaipandisha orodha na kuishusha, anatafuta jina lake.

Tangu Julai 2015, nyimbo mpya katika masoko makubwa huachiwa Ijumaa, na chati za Marekani na Uingereza huhesabu kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Kwa hiyo ndugu yangu, soma kanuni za chati unayoilenga kabla hujapanga tarehe. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Ukishazisoma, utaacha kuiona chati kama kipimajoto kisichopendelea mtu. Chati ya kwanza ya Uingereza, Novemba 1952, ilitokana na Percy Dickins wa gazeti la NME kupiga simu kwenye maduka yapatayo 20 na kuuliza santuri zipi zinauzika. Marekani nako, kwa miongo mingi, jarida la Billboard lilitegemea maduka yaseme yenyewe nini kinauzika. Hebu fikiria: mwenye duka ana mzigo umelala stoo, au hauchukulii kwa uzito muziki wa vijana fulani. Atakutajia nini?

Mei 1991 chati ya albamu ya Billboard ikaanza kutumia mauzo yaliyosomwa na mashine kwenye kaunta, kupitia mfumo wa SoundScan. Mwezi uliofuata kundi la rap la N.W.A likashika namba moja, na albamu za kantri nazo zikapanda. Wanunuzi walikuwa walewale wa mwezi uliotangulia, ila sasa walihesabiwa. Mwanamuziki yeyote anayeona aina ya muziki wake inadharauliwa aishike habari hiyo.

Halafu kuna suala la nini kinaruhusiwa kuingia. Hadi Desemba 1998, wimbo ambao haukuuzwa peke yake kama singo haukuingia Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, hata kama redio ziliupiga asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana sipendi mijadala ya "fulani amevunja rekodi ya fulani" inayolinganisha nyimbo zilizopishana miaka 40, kana kwamba kanuni ni zilezile. Leo kila unaposikiliza mtandaoni kuna kinachohesabiwa, na wimbo wa zamani unaweza kurudi: wa Krismasi wa Mariah Carey, uliotoka 1994, ulifika kileleni Marekani Desemba 2019.

Uingereza iliingiza usikilizaji wa mtandaoni Julai 2014, mara 100 zikiwa sawa na nakala moja iliyouzwa. Mwaka 2017 zikawa 150. Machi mwaka huohuo mwimbaji Ed Sheeran akatoa albamu, na nyimbo zake 16 zikajazana ndani ya 20 bora. Miezi michache baadaye ikawekwa kanuni ya nyimbo tatu tu kwa msanii mmoja. Naiona ya haki, kwa sababu chipukizi anahitaji pa kupenyea. Siku hizi pia anayelipia huduma ana uzito kuliko anayesikiliza bure, basi waombe mashabiki wenye akaunti za kulipia wakuunge mkono wiki ya kwanza.

Usinunue wasikilizaji wa uongo. Kuna mtu alituahidi maelfu, tukampa fedha, takwimu zikapanda siku mbili kisha zikafutwa zote, na wimbo ukabaki na doa.

Sasa hivi, kabla ya kuachia chochote, naweka alama kwenye kalenda: Ijumaa ya kuanza, Alhamisi ya kufunga. Wiki ikiisha, kitu cha kwanza ninachomwonyesha msanii ni idadi ya waliosikiliza kisha wakarudi kusikiliza tena. Nafasi ya kwenye chati tunaiangalia baadaye.