Kofia za rangi ya pera

Mwanangu,

Asalam aleikum. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho bila miwani maana nilikuwa nimeshaujua. Wasema mkoba ulikuponyoka ukishuka mashuani huko Nungwi, kamera na lenzi zake mbili zikaingia maji ya chumvi, na mkopo wa chama bado una miezi saba. Kisha ukaniuliza: "Mama, ile mara ya kofia ulirudi nyumbani unacheka. Ulifanyaje? Mimi hapa naambiwa nitabasamu, mdomo haukubali."

Kwanza la kamera, maana hilo lina haraka. Nimempitia fundi wa simu wa hapa Langoni. Asema usiiwashe kabisa, hata kwa kujaribu. Toa betri, toa kadi. Kadi isuuze kwa maji matamu, ianike kivulini ikauke vizuri. Mara nyingi kadi hupona hata kamera ikifa. Mambo ya kuizika ndani ya mchele achana nayo. Mchele upike.

Sasa la kofia. Ulikuwa na miaka sita, ndiyo maana ulichokumbuka ni kicheko tu.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, Disemba 1997, mvua za El Niño. Nilikuwa napeleka Mombasa kofia kumi na nne za viua, zile nyeupe za kudarizi vitundu, ziuzwe kabla ya Idi. Wajua kazi yake: kila kitundu chazungushiwa uzi kwa mkono, kofia moja huchukua miezi. Mbili zilikuwa zangu. Kumi na mbili za wanawake wa mtaani walioniamini. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikazifunga kwa leso mpya nyekundu zisiingie vumbi. Vumbi! Mwaka ule!

Karibu na Garsen mto Tana ulikuwa umeshafurika, barabara haionekani. Tukashuka, tukavuka maji ya kiuno, kila mtu na mzigo wake kichwani. Niliteleza. Hata sikuanguka, niliyumba tu, bunda likazama likainuka. Nilipolifungua ng'ambo, leso ilikuwa imechuja rangi na kofia zimekuwa kama nyama ya pera.

Nililia siku mbili, tumekwama pale, twalala kwenye baraza ya duka. Watu walinipa maneno kama hayo unayopewa wewe: shukuru u hai. Kweli nilikuwa hai, lakini kofia hazikuwa zangu.

Aliyenifaa ni bibi mmoja wa Kipokomo aliyekuwa akiuza chai. Pole hakunipa. Alisema, "Zihesabu." Nikamwambia zote zimekwisha. Akasema, "Sikukuuliza hivyo." Tukazitandaza kwenye jamvi moja moja. Tano zimeharibika kabisa, moja yangu. Sita zina madoa ukingoni. Tatu za katikati zimelowa tu, rangi haikuzifikia. Siku mbili nzima nimelilia kofia kumi na nne, kumbe maiti ni tano! Sikufurahi, usinielewe vibaya. Ila usiku ule nililala.

Mombasa sikufika. Nilirudi Lamu, na siku ile ile, kabla sijavua buibui, nikazunguka nyumba kwa nyumba nikimwonesha kila mmoja kofia yake. Hilo nililiogopa kuliko maji ya Tana. Wengi walinyamaza. Mmoja alinitolea maneno mpaka majirani wakachungulia madirishani, na haki alikuwa nayo. Zile nne nilizilipa kwa kushona, jioni kwa jioni, hadi ulipoingia darasa la tatu.

Kicheko kilitoka kwa mjomba wako. Nilipofika nyumbani alichukua ile yangu iliyokolea zaidi, akaivaa, akakaa barazani akiwaamkia watu watokao kuswali Alasiri, uso mkavu. Mzee mmoja akasimama: "Hiyo umeitoa wapi?" "Garsen," akajibu, "huko sasa ndiyo mtindo." Nikacheka mpaka nikakaa chini, na wewe ndipo ukatoka ndani ukaniona. Deni lilikuwa pale pale.

Basi mdomo uache. Chukua karatasi uandike kilichokufa, cha kutengenezwa na kilichopona, bei pembeni. Mweka hazina wa chama mpigie leo, asije akasikia kwa mtu.

Mamake bibi harusi wa Shela nimeshamwambia. Asema mwanamume hamtaki ndani kwa wanawake, kwa hiyo ni wewe au picha hakuna. Muulize yule mwenzako wa Mombasa kama ana kamera ya kukuazima wiki moja.

Na ukipita Mombasa niletee uzi mweupe wa kudarizi, ule mwembamba. Wa huku wakatika.

Mamako