Mpira mmoja, majibu mawili: Dryden anaingiaje hapa?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tumepima mgawo wa ukinzani wa hewa (namba isiyo na vipimo inayoonyesha hewa inavyouzuia mwili) kwenye mpira uleule, kasi ileile, katika mahandaki mawili ya upepo (njia za kupulizia hewa kwa majaribio). Moja limetupa 0.47, jingine 0.2. Mwalimu akacheka, akasema "mtafuteni Dryden", akaondoka. Ndiye nani, na tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hamjakosea. Eiffel, yule wa mnara wa Paris, aliwahi kupishana hivyohivyo na maabara ya Göttingen, hata Wajerumani wakadhani mzee amesahau kuzidisha kwa 2. Mwaka 1914 Prandtl, mkuu wa maabara hiyo, akaufunga mpira kipete cha waya cha kuikoroga hewa, ukinzani ukashuka.

Hewa tulivu inayolamba uso wa mpira huishiwa nguvu mapema na kubanduka ubavuni, ikiacha nyuma mkia mpana unaouvuta mpira. Hewa iliyokorogeka huchota nguvu kutoka hewa iliyo juu yake, ikang'ang'ania uso hadi mbali zaidi, na mkia ukawa mwembamba. Kwa hiyo lenye hewa ya vurugu ni lile la 0.2.

Vurugu kiasi gani? Hapo ndipo anapoingia Hugh Dryden, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa Maryland mwaka 1898 na kupata udaktari Johns Hopkins kabla hajatimiza miaka 21. Akiwa kwenye ofisi ya serikali ya viwango, Washington, yeye na mwenzake Kuethe walipima mtikisiko wa hewa kwa waya mwembamba sana uliopashwa moto kwa umeme: upepo ukizidi waya unapoa, ukipungua unapata joto. Ila waya huchelewa kuitikia mitikisiko ya haraka, na wao wakabuni sakiti ya kufidia ucheleweshaji huo. Mimi namheshimu kwa sakiti hiyo kuliko kwa vyeo vyake, ingawa aliongoza NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa urukaji iliyotangulia NASA, na kuwa naibu mkuu wa NASA tangu 1958 hadi alipofariki 1965. (Jumapili alikuwa mhubiri wa Kimethodisti.)

Msitupe data. Rudieni mpira huo kwa kasi mbalimbali, mchore mgawo wa ukinzani dhidi ya namba ya Reynolds (hukua kadiri kasi au ukubwa wa mpira unavyoongezeka), kuanzia 100,000 hadi 400,000 mkiweza. Mtauona ukiporomoka kote kuwili, lakini kwenye hewa ya vurugu utaporomoka mapema. Halafu kagueni nyavu za kutuliza hewa kwenye handaki hilo la 0.2. Huenda zimechanika au mtu alizitoa kuzisafisha akasahau kuzirudisha.