Septiki imejaa Kisauni: usimwite kijana wa ndoo

Dada, umeuliza kama kijana anaweza kuchota septiki, yaani tangi la maji taka ya choo, kwa ndoo usiku na kumwaga mtaroni, maana lori ni ghali. Hapana. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya inahesabu hilo kuwa kero. Afisa wa afya akiletewa malalamiko anakupa notisi wewe mwenye nyumba, na ukiipuuza ni mahakamani. Halafu hewa ya mle shimoni huua. Mtu asiingie hata kidogo.

Ita lori la kunyonya maji taka, na kabla bomba halijashushwa omba kuona leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na uulize mzigo unamwagwa wapi. Dereva akianza kung'ata maneno, mrudishe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kisima chako. Chini yetu huku pwani ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sifongo, uchafu unapenya upesi. Maji hayo yasinywewe kabla ya kupimwa.

Tope likifika theluthi ya tangi, nyonya. Usingoje lirudi chooni. Pampasi na mafuta ya viazi karai visiende chooni, tia kwenye ndoo ya taka.